Historia Bila Bibi Verdiana

Kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo, Ida aliwasha redio ya mama yake na kusikiliza Redio Kengele. Watoto wengi wa Magomeni, pale Kilosa mjini, waliisikiliza, lakini Ida alikuwa amezidi. Hata kusoma ubaoni alisoma kama mtangazaji, mpaka wenzake wa darasa la sita wakamchoka.

Redio ilipotimiza miaka kumi na tano, mwalimu alimchagua Ida aandike historia ya redio hiyo na kuisoma hewani Jumapili ya sherehe. Ida akaenda kwa jirani yao, Bibi Verdiana, mtangazaji wa kwanza wa redio hiyo. Bibi alisimulia kwa furaha jinsi alivyobeba betri ya gari kichwani kwenda kuichaji penye jenereta umeme ulipokatika, na jinsi alivyosoma matangazo ya vifo. Hakutangaza msiba wowote kabla hajafika mwenyewe kwa wafiwa, hata kijiji cha mbali cha Msowero, kwa baiskeli. Miaka ya mwanzo hakulipwa kitu.

Meneja Optatus alipoisoma historia hiyo, alikunja uso. Yeye alikuja baadaye, na ndiye aliyemwondoa Bibi kwa madai kwamba sauti yake imezeeka. Alifuta habari zote za Bibi, akaandika kwamba redio aliianzisha yeye. Kisha akamwambia Ida kwamba akiisoma hivyo, kipindi cha watoto cha Jumamosi kitakuwa chake. Ida alijua kabisa kuwa ni uongo. Aliusoma, tena kwa madaha.

Jumapili hiyo Bibi Verdiana alikuwa amewaalika majirani na kuwapikia chai ili wasikie jina lake. Wakasikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyejua pa kutazama, wakaaga mmoja mmoja.

Kesho yake Ida alimkuta Bibi akifagia uwanja, akamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Bibi akaendelea kufagia. Mtoto anaweza kuchapwa akasahau, lakini shikamoo isiyoitikiwa inauma. Ida alilia njia nzima mpaka shuleni, na wiki ile hamu ya redio ilimtoka.

Jumamosi alipokaa mbele ya kipaza sauti, aliweka pembeni karatasi aliyopewa.

"Jumapili nilisoma uongo," alisema. "Mtangazaji wa kwanza wa redio hii ni Bibi Verdiana. Nilijua, nikaacha kumtaja ili nipewe kipindi hiki."

Meneja alikata matangazo, akaweka muziki, akamtoa Ida nje. Kipindi akapewa mtoto mwingine.

Ida alikwenda moja kwa moja kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Naomba unisamehe."

"Marahaba," Bibi aliitikia, akamsogezea kigoda. "Nimekusikia, mjukuu wangu, na nimekusamehe. Lakini Jumapili watu walikuwa wametulia wakisikiliza. Leo wako mashambani na sokoni. Uongo wako umefika mpaka Msowero. Ukweli wako sijui kama umevuka hata hapo barabarani. Jana muuza mkaa, mtu niliyezoeana naye miaka yote, aliniita muongo mbele za watu niliposema mimi ndiye wa kwanza. Ukiujua ukweli, useme siku ile ile unapotakiwa, hata kama utakosa unachokitaka. Ukichelewa, utasamehewa, lakini mwenzako atakuwa ameshaumia."

Ida aliinama.