Mkanda Uliofunga Begi

"Kikapu hiki kilikuwa na vitu saba, binti. Leo naona sita."

"Labda ulihesabu vibaya, Sista."

"Nawapikia watu arobaini kila siku, hakuna anayekosa sahani. Vitu saba ndivyo vinishinde?"

"Basi paka amebeba."

"Paka anavaa mkanda siku hizi?" Hakucheka. "Mkanda wa baba yako uko wapi?"

Niliendelea kumenya viazi.

Pale monasterini, mgeni wa mafungo akifika hutia kikapuni kitu kimoja kinachomwelemea moyo. Kisha hukaa chumbani siku saba bila kutoa neno. Siku ya mwisho vitu vyote huchomwa kwenye tanuri la mikate. Mama alitia mkanda wa Baba.

Baba alikuwa fundi magari. Alikuwa na miezi minne kaburini, lakini Mama bado alikula amesimama, karibu na mlango. Mimi ndiye niliyemsihi aje, nami nikakaa jikoni kumsaidia Sista. Nilitaka kumwona ameketi, basi.

Niliacha shule kidato cha pili ili nimuuguze Mama, mbavu zake zilipovunjwa. Kila jioni Baba alisimama mlangoni na kuuliza lile lile: "Nani amegusa mkanda wangu?" Aliuliza hata akiwa ameuvaa.

Nami niliutoa kikapuni. Zipu ya begi la Mama ilikuwa imekufa, nguo zinamwagika, na ile ilikuwa ngozi nzuri, bado ngumu. Nikafunga begi, nikalisukuma chini ya kitanda chake.

"Sista... uko chumbani kwa Mama."

Kisu kilimtoka mkononi. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile tuliyofika."

"Kimbia."

Jua lilikuwa linazama. Korido ndefu, milango yote imefungwa, kimya. Nilipokaribia chumba cha Mama nikanusa oili ya gari. Halafu sigara.

Halafu...

Pa.

Pa.

Sauti ile naijua. Mama hakulia. Hata nyumbani hakuwa analia, ili nisiamke.

"Mama, fungua," nilinong'ona.

Pa.

Nilipiga mlango mateke mpaka kidole kikavunjika. Sista alifika na shoka la kuni. Pigo la tatu likang'oa komeo.

Mama alikuwa sakafuni, gauni limechanika mgongoni, damu imerukia mpaka ukutani. Hapakuwa na mtu mwingine. Mkanda uliinuka wenyewe hewani, ukashuka.

Niliurukia. Kile chuma cha mbele kilinichana shavu, kikanitoa jino. Kisha ngozi ikanizunguka shingo, ikakaza. Niliona giza. Nikasikia mtu anahema sikioni mwangu, na pumzi yake ilinuka sigara.

Mama aliinuka. Aliutia vidole, akauchomoa shingoni mwangu pamoja na ngozi yangu, akaubana chini kwa goti. Akampokonya Sista shoka.

Alikata. Mkanda ulijikunja kama nyoka. Alikata tena. Vipande vilitulia, naye akaendelea kukata, mpaka sakafu ikabanduka.

Alikuwa anatabasamu.

Tulivitupa vipande tanurini. Ndani ya moto, mwanamume alipiga yowe refu... kisha kimya.

Asubuhi Sista alichekecha majivu mara mbili. "Chuma cha mkanda hakipo," aliniambia polepole.

"Kimeyeyuka, Sista."

"Kwenye tanuri la mikate?"

Siku ya saba Mama alitoka chumbani, akaketi mezani, akala mpaka akamaliza. Aliketi. Nililia kwa furaha, nikamshukuru Mungu. Sista alikuwa anaitazama mikono ya Mama.

Nilifunga begi kwa kamba ya katani, nikalibeba. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amenizibia njia. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa mtu ambaye hajawahi kupigwa. Nilimwambia twende nyumbani.

Hakusogea. Mkono mmoja ulikuwa umefumbata kile chuma cha mkanda. Ule mwingine ulishuka taratibu, ukapapasa kiuno, mbele, kisha nyuma. Nilisikia harufu ya oili.

"Nani amegusa mkanda wangu?"