Shemeji Alichoma Majani ya Ngoro Zangu

Nina miaka arobaini na tisa, mjane, mkulima wa mboga huku Maguu. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma vijarida vya kilimo na kuchimbua udongo kwa mikono yangu. Naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Sisi Wamatengo tunalima ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba mteremkoni. Wanawake tunachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo tunaouchimba. Majani yanaoza ndani ya kingo hizo za udongo, na shimo linalobaki linashika maji ya mvua. Wengi hupanda maharage na mahindi. Mimi nilipanda kabichi, nazo ndizo zilizonilisha tangu mume wangu afariki.

Kwa mila yetu mwanamke hapangi majani, hivyo kila mwaka kazi hiyo aliifanya shemeji yangu Kastori, mdogo wa marehemu. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja... Laiti ningejua!

Mwaka juzi binti yangu, aliyeolewa Mbaha kule ziwani, alijifungua kwa upasuaji. Nikashuka kumuuguza. Kastori nilimwachia kazi moja tu: afyeke, apange majani, anisubiri nije nifukie.

Niliporudi, mteremko wote ulikuwa mweusi! Alikuwa amechoma majani, amesawazisha mashimo na kuchora matuta yanayoshuka moja kwa moja hadi mtoni. Juu yake amepanda kabichi. Kabichi zake, shambani kwangu!

"Shemeji, mpaka lini utaulisha udongo majani kama ng'ombe?" alinicheka, akiupigapiga mfuko wa urea. "Chakula chake hiki hapa!"

Nikaenda kwa baba mkubwa, mkuu wa ukoo. Akaniambia shamba ni la marehemu kaka yake Kastori, nimwache kijana alime. Na mimi niliyelilima miaka yote nilikuwa nani?

Kabichi zikatoka kubwa, kijani cha kung'aa. Jumapili baada ya misa wanawake wenzangu wakanitania: "Mama Hyasinta, utajifunza kwa mdogo wako!" Nilijua kwamba majivu na urea vinausukuma mmea haraka, lakini haviujengi udongo. Kinachoshika maji na mbolea isikimbie ni mboji, yaani yale majani yaliyooza. Yeye alikuwa ameyageuza moshi!

Mvua kubwa zilipokuja, hapakuwa na shimo hata moja la kuzizuia. Udongo mweusi ukateremka mtoni pamoja na mbolea yake. Nilisimama kwenye mvua nikiuangalia unaondoka... Nililia kwa sauti!

Msimu uliofuata kabichi zilidumaa, majani yakawa ya njano. Akaongeza urea. Kingo za majani zikaungua. Akaongeza tena, miche ikafa. Nilipochimba sikuona nyungunyungu hata mmoja. Maji niliyomwagia yalitiririka kama juu ya bati.

Na Kastori? Akahamia Chiwanda kutafuta shamba jipya! Hakuniaga. Alinirudishia mteremko mwekundu, mgumu, usiotoa hata figiri.

Sasa nafyeka mwenyewe kwa nyengo, lile panga la kufyekea lenye ncha iliyopinda, napanga mwenyewe, nafukia mwenyewe. Wanaume wakipita njiani wanauliza kama nimegeuka mwanaume. Wacheke! Kipande cha juu kimeanza kulainika.

Mwezi uliopita Kastori alikuja. "Shikamoo shemeji. Naona pale juu pamepona. Tulime wote." Sikuitikia shikamoo yake. Nilimwambia atoke kwenye kingo zangu, anakanyaga kazi ya mtu. Baba mkubwa ananiita katili. Mimi katili?

Wasomaji wenzangu, sisemi mbolea ya dukani ni sumu. Naitumia, kidogo, pale penye mboji ya kuipokea. Lakini msichome majani! Na wewe mjane mwenzangu, nakusihi, usingoje mkono wa shemeji kwa sababu mila imesema hivyo. Shika nyengo leo. Mimi niliheshimu mila, naye akachoma shamba... na sijui kama nitaishi miaka ya kutosha kuuona mteremko wote ukiwa mweusi tena kwa mboji.