Mchaichai Mtupu

Siku ya soko Soni hapapitiki, lakini Kornelio wa ofisi ya misitu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alipenya hadi mezani kwa Efrazia. Binti alikuwa amejifunga kitenge cha manjano, anauza mafuta ya kunukia ya kijiji chao cha ujamaa.

"Dada, ni nini kinanukia hivi?"

"Viko viwili, kaka. Nusa." Akadondosha tone kwenye vitambaa viwili. "Haya ya mchaichai, makali kama ndimu, halafu yanatulia. Haya ya mrehani ni matamu, yanakaa kutwa."

Kornelio alinusa vitambaa huku akimtazama muuzaji mwenyewe.

"Usipake matupu," Efrazia akamwonya. "Matone mawili kwenye kijiko cha mafuta ya nazi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakusikia kitu. Akanunua mchaichai, na wiki iliyofuata akarudi kununua tena.

Baada ya miezi mitatu ya soko na simu za posta, aliahidi kuleta posa Jumapili baada ya ibada. Kuku akachinjwa, Mzee Paskali, baba yake Efrazia, akavaa koti. Jua likazama, Kornelio hakutokea.

"Akikosa na Jumapili ijayo," baba alisema, "jina lake lisitajwe humu."

Efrazia alilia, na asubuhi akaenda posta kumpigia Kornelio simu ofisini kwake Lushoto.

"Kornelio, umenitia aibu."

"Mpenzi, uso umevimba. Nilinyoa ndevu, nikajipaka mchaichai ili baba yako anuse kazi ya binti yake."

"Ndani ya mafuta ya nazi?"

"Mtupu. Nusu chupa."

Efrazia alitaka kukasirika, akacheka mpaka karani akageuka.

"Osha kwa sabuni, usipake kingine chochote. Na Jumapili uje."

"Na uso huu?"

"Huo huo, mpenzi."

Akaja na mjomba wake, mashavu yanabambuka kama kiazi cha kuchemsha. Efrazia alichungulia mlangoni. Mzee Paskali alimkagua mgeni polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uso umepatwa na nini?"

Kornelio akaeleza yote, hata ile nusu chupa.

"Binti yangu hakukuonya?"

"Alinionya, mzee. Nilikuwa namtazama."

Mzee akakohoa kuficha kicheko, kisha akanyoosha mkono kupokea barua ya posa.

"Utaendelea kumtazama," alisema. "Ila na masikio yawepo."