Ndoo ya Mawe, Bomba la Maji

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiende alifungua valvu ya maji na kunyunyizia maji miche ya mama yake shambani huko Ruiri. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini asubuhi ile alikuwa amegeuza valvu kidogo tu kupita nusu, bomba la kinyunyizio likavunjika, miche michanga ikalala kwenye tope.

"Amefungua maji kwa fujo!" Bundi, kaka yake, alimwambia Mama. "Na nilimwonya."

"Mwongo! Mimi ndiye niliyekuonya wewe!"

Jana yake, Bundi ndiye aliyesimamisha bomba lile jembamba la plastiki, refu kumshinda, ili kinyunyizio cha juu kifikishe maji mbali. Lilipojaribiwa, Kiende aliliona likitikisika. Bundi alicheka, akafunga maji, akatundika ndoo ya mawe kileleni. Bomba likatulia tuli. "Umeona, fundi mvaa sketi? Limebeba mawe, litashindwa na maji?"

Sasa Mama alinyoosha kidole. "Kiende, usiguse valvu tena."

Kiende alirudi nyuma kwa hasira. "Sigusi! Lakini fungua wewe mwenyewe, Mama, uone!"

"Tutachelewa," Bundi akanung'unika.

"Leta bomba lingine," Mama akaamuru.

Bundi akalisimamisha na kulifunga kinyunyizio, uso ameukunja. Ndoo ya mawe ilipotundikwa, bomba lilisimama imara. Ndoo ikaondolewa. Mama akafungua valvu polepole. Maji yalipofika nusu, bomba lilianza kuyumba, kisha likachapa huku na huku kama nyoka aliyeshikwa mkia. Mama akafunga maji upesi.

"Mawe huvuta chini tu," Kiende alisema, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Maji yanaporuka kutoka kileleni, yanalisukuma bomba kurudi nyuma. Likiinama, msukumo nao unageuka pamoja nalo. Ndiyo maana mtikiso unazidi badala ya kuisha!"

Bundi aliangalia chini. "Niliuona mtikiso. Nilikataa kuonekana nimekosea."

"Ukaona heri mdogo wako aonekane amekosea?" Mama alifoka. "Chimbia nguzo hapo kando!"

Bundi alichimba, akalifunga bomba kwenye nguzo kwa waya, katikati na juu.

"Kukosea kipimo si aibu," Mama akamwambia. "Aibu ni kumtwika mwenzako kosa lako. Na kitu hupimwa kwa kazi kitakayoifanya, si kwa jaribio linalokupendeza wewe." Kisha akamgeukia Kiende. "Nimekuhukumu kabla ya kukusikiliza, mwanangu. Fungua maji."

Kiende hakutabasamu, hasira ilikuwa bado moto. Aligeuza valvu hadi mwisho. Bomba halikutikisika.