Aliyegonga Chini ya Behewa

Ngo, ngo, ngo! Nyundo iligonga chuma usiku wa manane gatini Jinja, na rafiki yangu Shakirah, mtoto mgongoni, akadondosha chakula alichomletea mumewe, Isiko.

Pale, anayefunga mabehewa akishatoka chini hugonga mara tatu, ndipo yasukumwe melini. Lakini Isiko hajatoka, Shakirah anaiona miguu yake! Wenzake wamepunguzwa kazini, yuko peke yake.

"Sukuma!" msimamizi akamfokea dereva wa injini.

"Afande, ngoja! Bwana yangu iko chini!"

"Na nani amegonga, nyanya yako? Sukuma, meli inachelewa!"

Behewa likanguruma, likasogea. Isiko akajirusha nje, ameparuzwa bega, nyundo ingali kiunoni.

"Mimi sijagonga, afande."

Msimamizi akamulika uvunguni. Hapakuwa na mtu. Kwenye gurudumu palikuwa na alama ya kiganja cha grisi, vidole vitatu tu; Isiko anavyo vyote. Shakirah akaigusa. Ilikuwa na joto, kama mkono umeondoka sasa hivi.

"Mama, umeona nini?" msimamizi akauliza polepole. "Ukisema mjini, bwana yako hana kazi."

Shakirah akamtazama Isiko, akavifuta kwenye leso vidole alivyogusia ile alama, grisi haitoki.

"Sitamwambia mtu mwingine, afande."