Sarafu Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

Kila Alhamisi jioni, nyumbani kwao Al Warqa, mtaa wa mji wa Kiarabu wanakoishi ugenini, Jumana humsaidia bibi yake kusugua masinia ya shaba kwa ukwaju na chumvi. Masinia hayo yalitoka Unguja, na bibi hataki kuona hata doa.

Alhamisi hiyo baba yake, Khelef, aliweka kijisanduku mezani. Yeye ni dereva wa Bwana Thamer, mkusanyaji wa sarafu za kale. "Kesho nampelekea Zakayo, fundi wa fremu," alisema, akaenda kuswali.

Jumana alikifungua. Ndani mlikuwa na sarafu ya shaba ya Warumi wa kale, nyeusi tii, yenye mungu wa kike aliyeshika mizani. Maskini, uchafu wote huu! Akaisugua kwa ukwaju mpaka ikang'aa. Uso wa yule mungu wa kike ulififia, lakini Jumana hakujali. Aliirudisha sandukuni, akisubiri kusifiwa.

Kesho yake baba alirudi amenuna. "Zakayo ameharibu sarafu ya arbab, bosi wangu. Anaapa aliikuta hivyo, nani amsikilize? Tajiri wake anamfutia viza arudi kwao Tanzania."

Jumana aliukumbuka ukwaju wake. Akinyamaza, Zakayo angefukuzwa bila kosa. Akisema, baba angepoteza kazi, na wao pia wangefutiwa viza na kuondoka. Alijifungia chumbani, akalia mpaka sauti ikamkauka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mjukuu wangu, una nini?" bibi aliuliza mlangoni.

"Ni mimi, Bibi! Nilidhani ni uchafu!"

Baba alisikia. Alikaa kitako. "Jumana, umetumaliza," alisema. Kisha akachukua funguo za gari. "Yalla, vaa viatu."

Mbele ya Bwana Thamer, Jumana alieleza yote.

"Ule weusi ndio uliokuwa ukiilinda, binti," alisema Bwana Thamer kwa huzuni. "Khalas, haurudi tena." Akampigia simu tajiri wa Zakayo, viza isifutwe. Kisha akamgeukia Khelef. "Kesho njoo kazini. Lakini mali yangu isilale tena nyumbani kwako."

Garini Jumana alisema, "Nisamehe, Baba."

"Uliposugua, hukujua. Siku nyingine uliza kwanza," baba alijibu. "Lakini ungenyamaza, ungekuwa unajua, na mtu mwingine angeumia kwa kosa lako. Sasa twende kwa Zakayo. Anafunga mizigo yake, hajui kwamba anabaki. Utamwambia wewe."