Faili ya Kumi na Mbili

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Jumanne, vituo viwili vya afya viliripoti kwamba rekodi za wagonjwa wao zimefutika. Kufikia saa nne mfamasia mmoja alishajua kilichozifuta: ni kifurushi kipya cha programu, kilichopita wiki iliyotangulia katika foleni ya ukaguzi wa programu za afya anayoisimamia yeye na wenzake, wote watu wa kujitolea.

Kilichomkata maini ni sahihi ya aliyekipitisha. Chujio! Mzee aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakuna uchafu uliowahi kumponyoka. "Faili kumi na moja, zote nimezisoma. Safi," alikuwa ameandika.

Wenzake walitaka afukuzwe kabla ya jioni. Wengine walishuku kuna mwizi aliyeiba ufunguo wake wa siri wa kutia sahihi, lakini sahihi ilitoka kwenye kompyuta yake ya nyumbani, saa kumi na dakika ishirini, wakati wake wa kila siku. Mfamasia akakifungua kifurushi, akahesabu faili kama anavyohesabu vidonge. Kumi na mbili. Tangu siku kilipoletwa, kumi na mbili. Chujio hakosei hesabu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Saa tisa alibisha hodi kwa mzee. Alifunguliwa na mkwe, mume wa binti wa mzee, mcheshi kupita kiasi. Mbele ya kompyuta palikuwa na viti viwili. Mzee alikalia kile cha pembeni. Alipommiminia mgeni chai, alitumbukiza ncha ya kidole kikombeni ili ajue kama kimejaa.

"Mzee, macho yamegoma tangu lini?"

Mzee aliweka birika chini. "Mwaka wa pili huu. Mkwe wangu hunisomea. Usinitangaze, mwanangu. Sina kazi nyingine iliyobaki."

Mfamasia alimwonea huruma, lakini hakurudi nyuma. "Nitajie faili ulizosomewa."

Akazitaja bila kukwama, pamoja na idadi ya mistari ya kila moja. Kumi na moja.

"Na ile inayofuta rekodi?"

"Ipi hiyo?"

"Amesahau tu, dada," mkwe alidakia. "Uzee."

"Akumbuke mistari ya faili kumi na moja, asahau faili nzima? Hakusahau. Hakusomewa. Na aliyeiruka hiyo moja tu alijua imebeba nini."

Ucheshi ukamwisha mkwe.

"Mwaka jana nilileta kifurushi changu, kwa jina la kubuni," alisema. "Nikakusomea mwenyewe, baba. Ukanikatiza katikati: 'Takataka, rudisha.' Miezi minane nilikihangaikia! Hiki cha sasa nacho nilikileta mimi, watu waone Chujio limetoboka. Sikujua kitafika kwa wagonjwa."

"Katika rekodi zile mlikuwa na dozi za watoto," mfamasia alisema.

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya mkwewe. "Kile cha mwaka jana, kwa nini hukuniambia ni chako?"

"Ungekipitisha?"

"Hapana. Ningekaa nawe tukakirekebisha."

Mkwe aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Uzime ufunguo wangu leo," mzee alimwambia mfamasia.

"Lakini mzee, aliyefanya ni yeye."

"Yeye mripoti panapostahili. Mimi nilitia sahihi kwamba nimesoma." Akapapasa meza hadi akaupata mkono wa mfamasia. "Binti yangu nitamwambia mwenyewe. Wenzetu wa ukaguzi waambie wewe, mwanangu. Waambie sioni."